Kwa nini Katuba haina mbunge wake

Mtu wa Katuba, komini (yaani mtaa mkubwa wenye utawala wake) mojawapo ya mji wetu wa Lubumbashi huko Kongo, akiuliza mbunge wake ni nani, jibu sahihi kisheria ni kwamba hakuna mbunge wa Katuba. Kuna wabunge wa Lubumbashi, zaidi ya kumi, ambao ni wake kama walivyo wa mtu wa Ruashi au wa Kampemba. Sheria ya uchaguzi ya Machi 2006 iliufanya kila mji na kila teritwari (wilaya ya vijijini) kuwa eneo moja la uchaguzi wa wabunge wa taifa, na Kinshasa peke yake ikagawanywa katika maeneo manne, yaani Lukunga, Funa, Mont-Amba na Tshangu. Sisi, pamoja na komini zetu saba, tuliachwa kapu moja. Kwa maoni yangu, mengi tunayowalaumu wabunge wetu, hasa kule kupotea kwao mara tu wanapoapishwa, yanatokana na mpango huo kuliko tabia za watu.

Kura ya kwanza iliyopigwa hapa ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Kwa amri ya miji ya Machi 1957, Ubelgiji ilikubali kujaribu uchaguzi wa madiwani katika miji mitatu tu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, yaani Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, wanaume waliotimiza miaka 25 walikwenda kupiga kura kila mmoja katika komini yake: Albert, ambayo sasa ni Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi. Wanawake hawakuulizwa, na juu ya mameya wa komini alibaki meya mkuu Mbelgiji. Hata hivyo, mpiga kura alikuwa akimchagua mtu aliyemjua nyumba yake, mtu ambaye angeweza kumkuta kwenye bomba la maji kesho yake asubuhi na kumdai alichoahidi.

Matokeo yake yalitikisa mji. Wengi wa washindi, hadi kwenye viti vya umeya, hawakuwa wenye asili ya Katanga, jimbo letu la wakati huo. Walikuwa hasa watu wa jimbo la Kasai, ambao wenyewe au wazazi wao walikuja kwa kazi za Union Minière, kampuni ya migodi, na za reli. Halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu walikuwa wengi katika site, yaani mitaa ya Waafrika, wengi wao walikuwa wamesoma, na walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana ambavyo vilikuwa vimezoea kukusanya watu. Lakini walioshindwa waliyatazama matokeo hayo kama ushahidi kwamba wenyeji wametawaliwa na wageni ndani ya nyumba yao. Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha kutetea wenyeji wa Katanga, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, kisha mwaka 1959 akafuata Moïse Tshombe. Wanaosema kwamba mgawanyiko wa watu kwa asili zao katika siasa za Lubumbashi ulianza na fujo za miaka ya 1990 wangefaa kurudi nyuma hadi hapo.

Mei 1960 ulikuja uchaguzi wa Bunge la taifa na wa mabunge ya majimbo. Katika bunge la Katanga, lililokuwa na viti 60, Conakat ilipata 25 na muungano wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga cha Jason Sendwe, ukapata 23. Hakuna aliyeweza kutawala kwa raha. Balubakat waliposusia vikao, theluthi mbili za wabunge zilizotakiwa ili kikao kiwe halali hazikupatikana, na katikati ya Juni Ubelgiji ikabadilisha Sheria ya Msingi, yaani katiba ya muda, ili wingi wa kawaida utoshe. Tshombe akawa rais wa jimbo, na tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga kwa Katanga.

Miaka ya Mobutu naipita haraka, kwa kuwa kura ilikuwepo bila ushindani. Wanawake walipata haki ya kupiga kura mwaka 1967. Mwaka 1970 palikuwa na orodha moja ya MPR, chama cha Mobutu. Mwaka 1975 wagombea walipitishwa kwa makofi mbele ya umati. Tangu 1977 watu waliruhusiwa kuchagua kati ya wagombea kadhaa wa chama hichohicho. Kutoka katika bunge la wakati huo ndiko kulikotokea barua ya wabunge 13 ya kumkosoa Mobutu mwaka 1980, ambao mmoja wao, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuja kuwa gavana wetu katika miaka migumu ambapo watu wa Kasai walifukuzwa.

Tarehe 30 Julai 2006 tulirudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi, na hapo ndipo kapu moja lilipoanza kuonyesha kazi yake. Wagombea walikuwa mamia, na mzee mwenye macho dhaifu alilazimika kupitia safu kwa safu ya picha ndogo hadi aupate uso anaoutaka. Alitia alama kwa mtu mmoja, lakini kura yake ilihesabiwa kwanza kwa orodha ya chama cha mtu huyo. Kura zote halali za mji hugawanywa kwa idadi ya viti ili kupata kiwango cha kiti kimoja. Viti visivyopata mwenyewe kwa njia hiyo huenda kwa orodha zenye masalio makubwa zaidi. Tuseme viti ni 10 na kura ni 500,000, basi kiwango ni 50,000. Orodha yenye kura 62,000 inapata kiti kimoja na kubakiwa na salio la 12,000. Orodha yenye kura 15,000 haikufikia kiwango, lakini salio lake linaishinda ile ya kwanza, na mara nyingi nayo itapata kiti kimoja vilevile. Wakubwa wa siasa walielewa upesi kwamba vyama vitatu vidogo vya marafiki vina faida kuliko chama kimoja kikubwa.

Kisha tukaongezewa kizingiti. Kwa sheria ya Desemba 2017, orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima haihesabiwi katika kugawa viti, hata ikiwa imependwa sana Kenya na Kamalondo. Mwenye chama kidogo cha hapa analazimika kujificha chini ya muungano wenye makao Kinshasa. Ongeza suplean, yaani mbadala anayeandikwa pamoja na mgombea: mbunge akiteuliwa waziri, kiti kinamwendea mtu ambaye wapiga kura wengi hawakulisoma hata jina lake.

Tarehe 20 Desemba 2023, mbele ya mashine ya kupigia kura, tulichagua mara nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na diwani wa komini, kwa kuwa kura ya madiwani ilifanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari aliuliza katika hao wote ni yupi wa hapa Katuba. Kijana aliyesimama nyuma yetu akamjibu: «Ni yule wa mwisho, mama, diwani.»

Mimi ningeugawa mji katika maeneo matatu: Katuba pamoja na Kenya na Kamalondo, Ruashi pamoja na Kampemba, na komini ya Lubumbashi pamoja na Annexe. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, kwamba eneo dogo litarudisha ya 1957, kila kabila likihesabu watu wake mtaa kwa mtaa. Lakini hesabu hiyo inafanyika hata sasa, tena ndani ya orodha, mahali ambapo mpiga kura haioni. Kabla ya kila uchaguzi Bunge hupitisha sheria ya kugawa viti kwa kila eneo, na huo ndio wakati wa kulidai jambo hili, ingawa watakaoombwa kupiga kura ya kuligawa kapu ni walewale walioingia bungeni kwa masalio yake.