Mti wa mlimani hauangushwi, unashushwa: siku moja ya mkata miti Mwanza

Saa 11:30 alfajiri. Kamba kwanza, mashine (msumeno wa cheni) baadaye. Nazitandaza zote sakafuni na kuzipitisha mkononi kutoka ncha hadi ncha. Ile ya kusokota naifungua kidogo kwa vidole gumba, nyuzi ziachane, nitazame ndani. Nikikuta unga kama wa sembe, ujue mchanga umeshaingia na unazisaga nyuzi kuanzia katikati, hata kama kwa nje kamba inang'aa. Hiyo naishusha daraja, itafungia mizigo tu. Fundo peke yake linaweza kuipunguzia kamba theluthi ya nguvu zake au zaidi, kwa hiyo siwezi kubahatisha.

Petroli lita 5 kwa mililita 100 za oili nzuri ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, yaani moja kwa hamsini. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika. Ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inakataa kuwaka ukiwa juu ya mti. Cheni yangu ya inchi 3/8 nainoa kwa tupa ya mviringo ya mm 5.2, pembe ya digrii 30, misukumo mitatu kwa kila jino, kusukuma tu bila kurudisha. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya upande wa pili, mashine itakata kwa kupinda na hutaweza kuinyoosha. Cheni kali hutoa vipande vidogo vya mti. Ukiona inatoa vumbi, ni butu.

Saa 1:00. Tuko mteremko wa Bugando, watu watatu: mimi wa juu, wawili wa chini. Mkaratusi wa mita kama 18, kipenyo sm 45 kwenye kimo cha kifua, umesimama kati ya mawe mawili makubwa. Mita nne chini yake kuna bati la jirani. Hapa ndipo kazi ya Mwanza inapotofautiana na ya shambani: hakuna pa kuangushia. Mti unashushwa kipande kwa kipande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mtamaliza saa ngapi?"

Jibu linategemea mti, kwa hiyo tunauzunguka kwanza. Karatasi ya ruhusa ya serikali ya mtaa naiona kwa macho yangu kabla ya kufungua begi, na mwenye mti anaelezwa kwamba magogo yakitoka hapa kwa gari yatahitaji kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Nagonga shina kwa nyundo: sauti ya ngoma maana yake kuna pango ndani, na pango linaweza kuwa na nyuki. Asubuhi ya baridi wanakuwa wametulia, ndiyo sababu nasubiri jua ligonge shina kabla ya kuamini kwamba hawapo. Wakionekana, kazi inaahirishwa, mfugaji nyuki anakuja jioni kuwahamisha. Mtetemo wa mashine huwatoa wote kwa pamoja, na mtu aliyefungwa mkanda mita kumi juu hana pa kukimbilia.

Natafuta pia misumari ya kamba za kuanikia nguo. Mti hukua na kuimeza. Ganda likiwa na kovu, au ubao ukianza kutoa rangi nyeusi ya samawati wakati nakata, nasimamisha mashine hapo hapo, kwa sababu hiyo ni kutu ya chuma ikikutana na utomvu wa mti.

Waya wa umeme unaoingia nyumbani uko karibu na matawi ya chini. TANESCO waliombwa mapema wakate umeme, na hatugusi tawi lolote la upande huo kabla hawajafika.

Saa 2:15. Napanda kwa miba ya chuma iliyofungwa kwenye buti. Miba hii ni ya mti unaoondolewa tu. Mti utakaobaki hai haupandwi kwa miba, kila tundu ni kidonda. Nina mikanda miwili shinani. Nikifika kwenye tawi, mkanda wa pili unafungwa juu yake kabla wa kwanza haujafunguliwa. Mmoja una waya wa chuma ndani, kwani cheni hukata mkanda wa nailoni mara moja.

Kapi inafungwa kwenye panda imara juu ya kazi. Kamba inatoka kwenye tawi, inapita kwenye kapi, inashuka na kuzungushwa mara tatu kwenye sehemu ya chini ya shina. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba uzito. Mshikaji anaongoza tu. Hazungushi kamba mkononi, kamwe. Kosa la wengi ni kuikaza ghafla kipande kinapoachia. Kipande kilichoanguka hata mita moja kabla ya kukamatwa huivuta kamba kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na mtikisiko wote unakuja kwangu. Iache itembee, halafu ikaze polepole. Kelele ya mashine inameza maneno, kwa hiyo tunatumia filimbi: moja simama, mbili achia.

Saa 4:30. Matawi yamekwisha, limebaki shina. Hapa hesabu ni ya lazima. Mti mbichi wa aina hii chukulia tani moja kwa mita ya ujazo. Kipande cha mita 1 chenye kipenyo cha sm 30 ni karibu kilo 70. Urefu huo huo kwenye sm 45 unakaribia kilo 160. Kadiri ninavyoshuka, vipande vinakuwa vifupi, hadi sm 40.

Chini tumetandika matairi chakavu, kwa sababu mbili. Cheni ikigusa jiwe hata sekunde moja, unoaji wote wa alfajiri umepotea. Na gogo la mviringo likianza kubingirika mlima huu, litasimama kwenye ukuta wa mtu. Kwenye vipande vikubwa naacha kisiki cha tawi cha sm 20 kiwe breki.

Saa 6:00. Upepo wa ziwani umeanza kuongezeka, na ndiyo maana kazi ya juu tunaimaliza asubuhi. Kisiki kinabaki. Mama anataka king'olewe, nami namsihi asifanye hivyo, kwani mizizi ile ndiyo inayoshika udongo kati ya mawe, na masika yapo njiani. Kitachipua, mkaratusi ndivyo ulivyo. Machipukizi yavunjwe yakiwa ya urefu wa kidole, tena na tena, hadi kisiki kichoke.

Saa 7:00. Ugali na sato, kivulini.

Saa 8:15. Nyakato, mwembe uliokwisha kuvunwa. Hapa ni ngazi, kamba na msumeno wa mkono. Mwenye nyumba anataka "tukate kichwa". Nakataa kwa heshima na kumwonyesha sababu kwenye mti wenyewe: pale ulipokatwa kichwa zamani, fimbo nyingi zimeota zikiwa zimeshikilia ganda tu, na sasa zinaelekea kwenye paa.

Badala yake tunapunguza katikati ili hewa na mwanga vipite, tusizidi robo ya majani yote. Tawi zito linakatwa mara tatu. Kwanza kutoka chini, sm 30 mbali na shina, robo ya unene. Pili kutoka juu, sm chache nje zaidi ya pale, tawi lidondoke bila kuchana ganda. Tatu ni mkato wa mwisho, na huu naufanya taratibu kuliko yote. Pale tawi linapoota kuna uvimbe kama pete. Msumeno unapita nje ya pete hiyo. Ukiikata, kidonda hakifungi. Ukiacha kipande kirefu, kinaoza na kuozesha ndani. Hatupaki rangi wala lami, maana huzuia unyevu kutoka.

Mikono mirefu na miwani haivuliwi hata kwa joto hili. Utomvu wa mwembe huchoma ngozi, na ukiingia jichoni siku imekwisha.

Saa 11:30 jioni. Matawi yamepakiwa kwenye kirikuu, ua umefagiwa. Petroli iliyobaki namimina kwenye dumu, naiacha mashine iwake hadi ijizime, kabureta isigande. Kamba zinaoshwa kwa maji matupu na kutundikwa kivulini. Ile iliyoshusha shina leo ina nyuzi tatu zilizokatika karibu na ncha. Nakata mita moja na nusu kutoka hapo, nayeyusha ncha kwa kiberiti, na kuandika tarehe kwenye plasta.