Leza, rula na stepla: picha kali zinazotoka kwenye meza ya kazi

Watu wakiona zile picha za mistari ya leza inayokatiza gizani wanadhani lazima uwe na studio na mitambo ya bei mbaya, wakati karibu kila kitu kiko hapo hapo mezani unapofanyia kazi: rula ya plastiki, klipu, stepla, hailaita, CD ya zamani, gilasi ya maji. Leza yenyewe ni ile ya kuonyeshea slaidi mkutanoni. Mi naipenda hii kazi kuliko upigaji picha mwingine wowote, na ukishaijaribu huziangalii tena zile droo za ofisini kama zamani.

Kwanza uelewe hivi, mwali wa leza ukiupigia kwa pembeni hauonekani. Mwanga wote unaenda mbele, hakuna kinachogeuka kuja kwenye lenzi yako, unachoambulia ni kinukta tu ukutani. Mpaka hewani kuwe na vumbi au moshi au mvuke wa kuutawanya. Moshi ofisini sahau, kengele zitalia jengo zima, tumia chupa ya kupulizia maji, ila mbali na kompyuta jamani. Au achana na hewa kabisa: jaza maji kwenye gilasi, dondoshea tone moja mbili za maziwa, koroga, zima taa. Mwali unatokea humo ndani umenyooka kama uzi, na ukiupitisha juu kimshazari unaona kabisa pale unapopinda kuingia majini.

Rula ya plastiki inayoonyesha ndiyo kipenzi changu. Piga leza kwenye ncha yake, mwanga unaingia unanasa humo, kwa sababu ukigonga ukuta wa ndani kwa kulala sana (pembe inayozidi nyuzi 42 hivi toka mstari uliosimama wima juu ya huo ukuta) hautoki, unarudi ndani na kugonga upande wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Unatoka pale tu penye dosari. Kwa hiyo kila mkwaruzo unawaka, na kama zile alama za milimita zimechongwa zinawaka moja moja, sogeza kamera karibu kabisa uone, rula chakavu inatoa picha nzuri kuliko mpya!

Hailaita ya njano nayo inataka leza ya zambarau, ya nanomita 405 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi). Loweka ule wino kwenye maji, piga, mwali unaingia zambarau halafu ndani ya maji ni mstari wa kijani unaong'aa. Nyekundu haifanyi kitu hapo, nguvu yake haitoshi kuuamsha wino. CD yenyewe inaigawa nukta moja kuwa kadhaa ukutani, mistari yake imeachana mikromita 1.6 tu, na DVD imebanana zaidi kwa hiyo nukta zinakaa mbali mbali.

Sasa macho, hapa sitaki mzaha. Chukua leza isiyozidi miliwati 5, zile za nguvu waachie wenye miwani maalum. Klipu, stepla, CD, vyote ni vioo, mwali unarudi usikotarajia, kwa hiyo fanyia kazi chini ya usawa wa macho, asiwepo mtu anayepitapita, na usichungulie kwenye kitundu cha kamera, tumia skrini. Mwali usiingie moja kwa moja kwenye lenzi pia, unaunguza sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Na za kijani za bei rahisi zingine zinavujisha mwanga wa infraredi usiouona, hizo ni za kuogopa zaidi.

Kamera iwe kwenye traipodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata ikae wazi sekunde 15 mpaka 30, fokasi uiweke kwa mkono kabla hujazima taa. Halafu shata ikiwa wazi tembeza nukta taratibu kwenye kingo za stepla, isipite mara mbili sehemu moja, inatoka stepla iliyochorwa kwa mwanga mtupu. Ukitaka mstari badala ya nukta pitisha leza kwenye gamba la kalamu la duara linaloonyesha. Ukichanganya rangi usiamini macho, kijani ya nanomita 532 jicho linaiona kali kuliko nyekundu ya 650 hata nguvu zikiwa sawa, angalia picha kwenye skrini ndo uamue ipi uipunguzie sekunde.