Skoda yangu ya dizeli, mpaka ULEZ ilipofika mlangoni

Mwezi wa kumi 2023 nilimuuzia kijana mmoja wa Wales gari yangu kwa paundi 1,400, wakati jiji la London lilikuwa tayari kunipa paundi 2,000 niipeleke ikasagwe chuma chakavu. Ndio, hujasoma vibaya. Yote ni kwa sababu ya ULEZ, utaratibu wa London wa kulipisha kwa siku gari zinazotoa moshi mchafu. Mama nilipomwambia kwenye simu alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huko wamekuloga?" Sikuwa na jibu la haraka, ndo maana naandika.

Nilifika Uingereza 2014, nikakaa Dagenham, mashariki ya London. Leseni ya Bongo hapa unaendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi, baada ya hapo unaanza upya kama mtoto, mtihani wa kuandika na wa barabarani. Mimi niliyeendesha Dar miaka sita, nimepita Buguruni saa kumi na mbili jioni mvua inanyesha, nikafelishwa mara mbili, mara zote eti siangalii vioo. Ya tatu nilikuwa nageuza kichwa kama kuku mpaka shingo ikauma, nikapita.

Kazi yangu ni kea, yaani naenda nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, chai, naondoka kwenda kwa mwingine. Bila gari hiyo kazi huifanyi, basi hili na lile unachelewa kila mahali. Kwa hiyo 2017 nikaanza kutafuta gari ya bei ndogo inayokunywa kidogo, na hapo ndo nikakutana na Skoda Fabia vRS ya 2005, nyeusi, imetembea maili 112,000, bei 1,850. Mwenye nayo akaniwashia, nikacheka. Mlio ni wa Fuso kabisa. Halafu tukatoka nayo barabara ya A13, akaniambia weka giya ya tatu, kanyaga. Nilikanyaga. Sijacheka tena.

Maana yake ni hii. Kwetu dizeli ni ya kazi, ni lori za Tunduma, Land Cruiser ya halmashauri, trekta. Huku wazungu mwaka 2001 walibadilisha ushuru wa barabara ukawa unaangalia kaboni dayoksaidi, na dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, basi watu wakakimbilia dizeli, na viwanda navyo vikaanza kutengeneza vigari vidogo vya spoti vya dizeli. Hii Fabia ilitengenezwa 2003 mpaka 2007. Injini ni ya Volkswagen, 1.9 TDI, nguvu za farasi 130, ambazo sio nyingi, ila msukumo wake ni Nm 310 na unaupata mapema, mzunguko 1,900 kwa dakika tu. Vitz ya cc 1,000 haifiki hata theluthi ya hapo. Kila silinda ina pampu yake na nozeli yake kwa pamoja, inasukumwa na kemshafti, presha inazidi baa 2,000, ndo maana inagonga hivyo. Giya sita, kalipa za breki zimepakwa kijani kutoka kiwandani, tanki lita 45. Mimi nilikuwa napata kama kilomita 17 kwa lita, kwa hiyo nikijaza leo nasahau.

Kaka yangu wa Mbagala nikamtumia picha. Akajibu, "Skoda ndo nini?" Nikamwambia ni gari ya Wacheki. Akasema, "Toyota zimeisha huko?"

Kulikuwa na mzee mmoja nilikuwa namhudumia, alifanya kazi Ford ya hapa hapa Dagenham tangu kijana mpaka anastaafu. Siku ya kwanza alipoona funguo akaniuliza, unajua namna ya kuongeza thamani ya Skoda mara mbili? Jaza tanki. Kumbe ni utani wa zamani sana, enzi za Skoda za kikomunisti kabla Volkswagen hawajaingia. Akaurudia kila siku kwa miezi kama minne, na mimi nikacheka kila siku, ndo kazi. Ila alikuwa na sikio. Nikifika kabla sijabonyeza kengele anapaza sauti ndani, "Nimekusikia tangu kona, nozeli moja inagonga tofauti." Na kweli, wiki mbili baadaye ilikuwa nyaya za nozeli.

Sasa matatizo. La kwanza maji. Mvua ikinyesha zulia la upande wa abiria linaloa, nikadhani ni hita, kumbe ni ile sili ya ndani ya mlango, ugonjwa wao unaojulikana. Niliitoa mwenyewe Jumapili moja, nikapaka gundi nyeusi, mikono ilibaki nyeusi mpaka Jumatano, bibi mmoja akakataa nimkatie mkate.

La pili lilinitisha. Naingia M25, ile barabara kuu inayozunguka London, nataka kupita lori, gari ikakata nguvu ghafla, injini inawaka lakini haivuti, nimebanwa katikati ya malori mawili nasoma dua zote ninazozijua. Nikatoka pembeni, nikazima, nikawasha, imepona. Kesho yake tena. Nikampelekea fundi mmoja Mkongomani wa Bukavu ana kagereji chini ya njia ya treni kule Barking, tulikuwa tunaelewana kwa Kiswahili, chake na changu vinakutana katikati. Akazunguka nayo dakika kumi akarudi anacheka, "Ndugu yangu, hii mutuka iko nalala. Unaitembeza sana polepole." Alikuwa sahihi. Ndani ya tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, kuna vijibawa vinavyojifungua na kujifunga kupanga hewa, na mimi kwa safari zangu za dakika tano tano za kea masizi yalijaa vikanata, presha inapanda kupita kiasi, kompyuta inaikata nguvu ijilinde. Akaifungua akaisafisha kwa dawa ya kusafishia oveni, sikutanii, ile ile ya jikoni. Akanipa na dozi: mara moja kwa wiki ipeleke barabara kubwa, ikiwa imeshapata moto, ipigishe kelele kidogo. Hiyo dozi nilikuwa nainywa kwa furaha.

Na hapo ndo ugonjwa wangu mimi ukaanza. Mwanzo nilibadilisha vitu vya lazima tu, taimingi belti pamoja na pampu ya maji, maana ikikatika injini imekwenda. Baadae nikasikia habari za rimapu, wanaiandika upya programu ya kompyuta ya injini, unatoka farasi 130 unafika 165 hivi kwa paundi 280. Nikasema hiyo ni bei ya viatu. Nikafanya. Jamani. Nilikuwa natoka kwenye taa za Goodmayes na BMW pembeni anashangaa, mimi nimevaa yunifomu ya kea, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

Miezi mitano, klachi ikaanza kuteleza. Giya ya tano unakanyaga, mshale wa mzunguko unapanda lakini gari haiendi nao. Msukumo ulikuwa umezidi uwezo wa klachi ya zamani, na flaiwili yake, lile gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi, ni ile ya vipande viwili, nayo ilishalegea. Klachi, flaiwili na mkono wa fundi, 720. Kwa hiyo ile rimapu ya 280 ilikuwa ya 1,000, sema waliniuzia kwa awamu. Bima nayo, mimi hiyo rimapu niliitaja kwenye fomu kwa sababu namjua jamaa hakutaja, akagonga, wakakagua, wakamwachia mzigo wote. Ikaongezeka 190 kwa mwaka.

Ungedhani ningeacha. Nikaweka springi fupi ikalala milimita 35, ule mwonekano we acha tu, ila matuta ya Becontree yalikuwa yananikuna bampa. Nikaweka na chuma kinene cha kuzuia gari kulala kwenye kona kule nyuma. Mke wangu akawa anauliza, hii barua ni ya gari au ya umeme? Springi za kiwandani zilikaa barazani mwaka mzima, akaniambia ama hizo ama viatu vya watoto, nikazitupa. Kumbukeni hilo.

ULEZ mwanzoni haikuniuma. Ilianza 2019 katikati ya jiji, mimi naenda kufanya nini kule. Oktoba 2021 ikasogea mpaka barabara za North na South Circular, bado nipo nje. Tarehe 29 Agosti 2023 ikachukua mitaa yote ya London, na kamera ikawekwa kwenye nguzo nyumba ya nne kutoka kwangu. Dizeli inatakiwa iwe ya kiwango cha moshi cha Euro 6, kwa ujumla za kuanzia Septemba 2015. Ya kwangu ya 2005 haimo kabisa. Paundi 12.50 kwa siku, siku inahesabiwa saa sita usiku mpaka saa sita usiku. Sasa mimi napiga shifti za usiku, natoka saa mbili usiku narudi saa mbili asubuhi, hizo ni siku mbili, yaani 25 kwa shifti moja. Ukisahau kulipa faini 180, ukiwahi ndani ya siku 14 ni 90. Nilisahau mara moja tu, ikatosha.

Kinachokera ni kwamba petroli ya mwaka huo huo inapita bure. Ila siwezi kubisha sana, yule mzee wa Ford alikuwa na mashine ya oksijeni kitandani, na mimi ndo niliyekuwa napaki dizeli chini ya dirisha lake.

Kuipeleka Bongo nilifikiria, usukani uko upande wetu. Nikapiga hesabu ya meli, ushuru, na ule wa uchakavu wa TRA kwa gari kuukuu, halafu nikamfikiria kaka yangu anatafuta nozeli ya Skoda Kariakoo. Nikaacha.

Kusaga ilikuwa 2,000, masharti yote nimetimiza. Nikaijaza fomu mpaka ukurasa wa mwisho. Usiku nikatoka nje kuchukua pochi kwenye gari, nikakaa kwenye kiti, nikaiwasha bila sababu. Asubuhi nikaitangaza kuuza. Ndo hivyo tu, mama, sikulogwa.

Nilianzia 2,400, nimeorodhesha kila kitu nilichoongeza na bei zake. Wiki nzima kimya. Halafu akaja huyo kijana na baba yake, wametoka Wrexham alfajiri. Baba akalala chini ya gari na tochi, kijana akauliza, springi za kiwandani unazo? Sina. Ile programu ya mwanzo ya kompyuta umehifadhi? Sijui. Kumbe hizi gari zimebaki chache, watu wanataka ilivyotoka kiwandani, na kila nilichokiandika kwa fahari yeye alikuwa anakipunguzia bei. Tukashuka mpaka 1,400. Nikampa kipande chake cha V5C, ndo kadi ya gari ya huku, nikaingia mtandaoni kuwaambia DVLA, wanaosajili magari huku, ushuru wa miezi iliyobaki ukarudi. Wakaondoka, nikaisikia mpaka kona.

Nikanunua Toyota Yaris ya petroli ya 2006. Inapita kila mahali, haisemi kitu. Siku ya kwanza kwa mzee nilibonyeza kengele mara tatu. Kaka yangu alipoona picha akajibu neno moja tu, "Vitz." Ndo jina la Yaris kwetu. Na alama za kucheka mstari mzima.

Wiki tatu baadae yule kijana akanitumia meseji na picha. Gari imeinuka, amepata springi za kiwandani kwenye gari iliyokufa. Zangu fupi kaziweka kwenye boksi, anauliza kama nazitaka, ananitumia bure. Niziweke wapi sasa, kwenye Vitz?