Vyombo vitano, pumzi tatu, mistari mitatu

Ukitaka kuizoeza akili itulie, anza na kazi ambayo mikono inaijua tayari. Kuosha vyombo kunafaa sana: joto, povu, sauti ya maji, vyote viko hapo hapo.

Simu iache chumba kingine, si mfukoni, maana ikitetemeka tu umeshapotea. Chagua vyombo vitano vya kwanza, siyo beseni zima. Kabla ya kugusa maji vuta pumzi tatu, kila moja uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Kisha fuata kitu kimoja tu: joto la maji kwenye vidole. Shika kikombe, pitisha kidole gumba ukingoni, usikie pale utelezi wa mafuta unapoisha na kikombe kinapoanza kulia. Hapo kimetakata.

Akili itatoroka, tena mapema, labda kabla ya kikombe cha pili. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa. Kumbe kule kugundua kwamba umetoroka ndilo zoezi lenyewe. Rudi kwenye vidole bila kujigombeza.

Wazo la kuandika au kuchora likija, usilikimbize. Weka daftari na penseli karibu, pakavu (penseli, kwa sababu wino husambaa kwenye karatasi yenye unyevu). Ukishafuta mikono, andika mistari mitatu ya ulichokiona au kukisikia, si ulichokifikiria: "povu limepasuka kuanzia katikati". Andika hapo hapo. Ukingoja usiku utakumbuka maana tu, na picha yenyewe itakuwa imefutika.