Chai ya tui

Jamani, leo jioni nimekunywa chai ya tui la nazi, na nimeipenda kweli.

Mnaonijua, mimi ni mtu wa maziwa ya ng'ombe. Yachemke pamoja na majani, iliki na tangawizi mpaka yapande kwenye sufuria.

Ila dada yangu maziwa yanamvuruga tumbo. Ile sukari yake ya asili, laktosi, mwili wake hauisagi vizuri. Kila akija kwangu anakunywa chai ya rangi, na mimi roho inaniuma kumwona peke yake na kikombe chake.

Leo mama mkwe kaingia jikoni. Kakuna nazi, kakamua, tui zito kaliweka pembeni. Lile jepesi ndilo alilochemshia majani na iliki. Mwishoni kapunguza moto, kamimina lile zito huku akikoroga kwa upawa bila kupumzika.

"Ukiacha kukoroga, mwanangu, tui linakatika."

Juu ya kikombe vikaelea vijiduara vya mafuta, vidogo, vinang'aa. Dada akapiga funda, akanyamaza. Halafu akasukuma kikombe aongezewe.

Nilifurahi mno!

Maziwa yangu siyaachi, hasa asubuhi na chapati. Lakini dada akija, nazi itakunwa.

Nyie chai yenu mnaiweka nini? Na wa maziwa ya soya, mnafanyaje yasikatike kwenye chai ya moto? Nielekezeni hapa.