Isikilize programu ya hisia kabla hujaiandikia siri zako

Programu nyingi za kufuatilia hisia zinaanzia mahali pamoja: nyuso tano kwenye mstari mmoja, kuanzia unaocheka hadi unaolia. Kwa anayeona, kazi ni mguso mmoja. Kwa anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilicho kwenye simu, mstari huo ndio mtihani wa kwanza.

Washa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, kisha gusa skrini mara moja kwa vidole vitatu ili menyu yake ifunguke, uchague kuficha skrini. Asiyeona kabisa hana haja ya hatua hiyo, ila mwenye uoni hafifu aifuate, maana jicho linaloona kidogo hujaziliza kimyakimya pale programu ilipopunja. Telezesha kidole kulia, uso mmoja hadi mwingine. Kila uso utoe mambo matatu: jina lake, kwamba ni kitufe, na kama umechaguliwa au la.

Ukisikia tu kwamba kitufe hakina lebo, tena mara tano, sababu ni hii. Emoji ya kawaida ni herufi ya Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, na visoma skrini vina jina la kuitamka. Uso uliochorwa na mbunifu ni picha tupu mpaka msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, auandikie maelezo, ambayo kwenye Android huitwa contentDescription. Kosa linalofuata ni baya zaidi kwa kuwa halisikiki: jina lipo, unagusa mara mbili ili kuuchagua, uso unabadilika rangi, sauti kimya. Unagusa tena kuhakikisha, kumbe kurudia huko kumefuta ulichochagua.

Jina likikosekana, unaweza kuliweka mwenyewe kupitia menyu ya TalkBack, sehemu ya lebo. Kwenye iPhone, gusa mara mbili kwa vidole viwili na mguso wa pili ushikilie. Kwenye Android chaguo hilo hutokea tu kama msanidi amekipa kitufe kitambulisho ndani ya msimbo. Akikibadilisha kwenye toleo jipya, lebo zako zinapotea.

Programu zinazotumia kitelezi, kitufe cha kuburuta kwenye mstari, badala ya nyuso zina tatizo lao. Kitelezi kilichotengenezwa vizuri hupanda na kushuka kwa vitufe vya sauti, au kwenye VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone, kwa kutelezesha kidole juu na chini. Lakini sikiliza kinachotamkwa: kama anayeona anasoma "huzuni kidogo" nawe unasikia "asilimia 37", hamjazi shajara moja. Tangu Android 11 msanidi anaweza kuandika hali hiyo kwa maneno kupitia stateDescription, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Kalenda ya mwaka yenye miraba ya rangi hufeli kwa namna mbili: ama yote ni picha moja isiyosema kitu, ama ni vituo 365 vya kupitia kimoja kimoja. Kinachofaa ni sentensi ya muhtasari kwa kila wiki, na orodha ya siku kwa anayetaka kuchimba. Zoezi la pumzi nalo huwa ni duara linalotanuka na kusinyaa bila neno. Wapo wanaojaribu kusaidia kwa kutangaza kila sekunde, na matokeo yake kisoma skrini kinapiga kelele mfululizo huku mtu anatafuta utulivu. Katika zoezi la 4-7-8 (vuta pumzi sekunde nne, izuie saba, itoe nane), mtetemo mfupi kila hatua inapobadilika unatosha.

Kitu ambacho sikisamehe kiko kwenye dodoso. PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ina maswali 9, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Programu makini hufungua dirisha lenye namba ya msaada ukijibu kwamba unayo. Lakini kama dirisha limechorwa juu ya ukurasa bila kuhamishiwa fokasi, yaani mahali kisoma skrini kinaposomea, kisoma skrini kinabaki kwenye swali la chini, na mtu anaendelea bila kujua kwamba amepewa namba. Lijaribu swali hilo makusudi, ukiwa mzima, kisha ufute jibu.

Kuna pia suala la lugha. Menyu nyingi ni za Kiingereza, wakati maelezo unaandika kwa Kiswahili, na sauti ya Kiingereza ikisoma "nimechoka" hutaelewa ulichokiandika mwenyewe. Weka sauti za lugha zote mbili kwenye simu, halafu tumia kidhibiti cha usomaji cha TalkBack kubadili lugha. Kwenye kompyuta, NVDA, kisoma skrini cha Windows, huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo inasoma Kiswahili. Sauti yake ni kavu lakini inaeleweka. Na kwenye daladala au matatu, vaa spika ya sikio moja, kwa sababu arifa ya "Unajisikiaje leo?" nayo itasomwa kwa sauti.

Ukimwandikia msanidi, usiseme tu "haifikiki". Andika hivi: "Toleo la programu, aina ya simu, toleo la Android, TalkBack imewashwa. Nimefungua Rekodi mpya, nimegusa mara mbili uso wa nne. Nimesikia: kimya. Nilitarajia: 'vibaya, kimechaguliwa'." Wakati unasubiri jibu, faili la maandishi tu linatosha, mstari mmoja kwa siku: tarehe, alama 1 hadi 5, saa za usingizi, neno moja la sababu.