Na kusini?

Leo Ijumaa, na neno la Jumatatu bado linanizunguka kichwani. Baba yuko barazani na kahawa yake, mimi ndiyo kwanza nimemlipa fundi, roho imejaa furaha. Nikamwambia, "Baba, dirisha la darini limekwisha."

"Umetoboa upande gani?"

"Wa kaskazini, baba."

Akaipuliza kahawa. "Na kusini?"

Basi, hakuongeza kitu.

Dari yetu ya hapa Wete mnaijua: bati juu, kuta mbili za matofali zimepanda pembetatu, na joto la mchana kutwa limefungiwa humo. Majamvi ya kuanikia karafuu yameota ukungu. Bi Mkubwa halali chumbani, anahamia ukumbini. Kuta zile baba kazijenga kwa mikono yake, kabla ya mtoto wa jicho. Nami nikaleta fundi mwengine bila kumuuliza. Wallahi niliona namwondolea udhia.

"Na kusini?" Usiku nalisikia kama lawama, alfajiri nalisikia kama swali la mtu aliyewekwa kando. Kinachoniuma zaidi ni jibu langu: "Kusini mvua itaingia, baba," kwa sauti ya kumsomesha yeye, aliyejenga nusu ya mtaa huu. Jumatano posa ya mdogo wangu imekuja na imekubaliwa, nyumba tele wageni, nami nagawa haluwa huku naisikia sauti yangu ile ile.

Jana baada ya sala ya alfajiri nikamwendea. "Baba, nielekeze."

Akasogea, akaanza kuchora kwa kidole juu ya mkeka. Joto hupanda, kwa hiyo tundu likae juu, karibu na mgongo wa paa. Lakini hewa haiingii pasipo na pa kutokea. Tundu moja ni chupa, ukiipuliza pumzi inakurudia usoni. Mvua ya masika ikija na upepo wa kusi, dawa yake ni mbao zilale kuelekea nje, kila moja iifunike ya chini yake, na kizingiti kiwe na mteremko. Juu linta, yaani mhimili wa zege wenye nondo, izidi tundu huku na huku, matofali yasije yakashuka. Ndani wavu, popo wasihamie. Tangu aache kazi sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

Fundi akarudi na tindo yake. Baba kakaa chini kwenye kiti, anasikiliza mlio. "Taratibu hapo, mwanangu, ushafika kwenye kiungo." Na kweli alikuwa kafika.

Linta bado mbichi, imeegemezwa kwa boriti, mbao zitatiwa wiki ijayo. Ila magharibi nilipanda ngazi, upepo ukanipita shingoni, na harufu ya karafuu za misimu yote ikatoka nao.

"Unapita, baba!"

"Alhamdulillahi," akasema. "Nitilie kahawa nyengine."

Mdogo wangu tangu Jumatano hajacheka. Nimemuuliza mara mbili, anasema kichwa tu kinamuuma.